Bata wa Mbao wa Elda

Bayou Ragasse, Louisiana
5 Novemba 1983

Dada Nolia,

Shikamoo, na shemeji Harlan umpe salamu zangu. Huku sote tupo, ukiacha magoti yangu, ambayo siku hizi yananiamulia mambo bila kuniuliza. Siku ya Watakatifu Wote nilipaka makaburi chokaa peke yangu, la Baba, la Mama na la Elda. Zamani Elda ndiye aliyeshika brashi, mimi kazi yangu ilikuwa kubeba ndoo na kutukanwa kwa kumwaga. Safari hii sikumwaga hata tone, wala hakuna aliyeona.

Sasa nikwambie jambo. Mwanzoni mwa Februari ni misa ya mwaka ya mke wangu Elda. Nilisimama nje ya kanisa nikawatangazia watu kwamba baada ya misa wote waje kwangu wale gumbo la bata, mchuzi wetu mzito wa kulia wali, kama alivyokuwa akiwapikia mwenyewe kila msimu wa kuwinda ukifungwa. Tena nikasema bata nitawapiga mimi. Jirani yangu Clebert akaangua kicheko: "Wewe na macho hayo? Basi tutakula wali mtupu." Nikamwambia alete lile sufuria lake kubwa, mengine aniachie.

Msimu tumeufungua juzi. Hawa bata wa mwanzo ni watoto wa mwaka huu, wajinga kabisa, ukiwawekea majini bata wa mbao wa kuwadanganya, au hata kopo la rangi, wanatua tu. Lakini ni mifupa na manyoya. Unamjua wifi yako: gumbo lake lilitaka bata wa kijivu wa mwisho wa msimu, walioshiba mbegu za kinamasi mpaka mafuta yanaelea. Kwa hiyo nasubiri. Nisipowapata nimemwaibisha, na yeye hayupo wa kunitetea.

Mwambie Harlan bata aliowatuma kutoka kaskazini mwaka huu wamekonda. Awe anawalisha kwanza huko kwenu ndipo awaachilie.

Ndugu yako,
Ozeme


Duluth, Minnesota
21 Novemba 1983

Mdogo wangu Ozeme,

Marahaba. Barua yako ilikaa mezani siku kadhaa kabla sijaifungua, usinune, nina mambo mengi. Theluji imeanza. Bata walipita juu ya nyumba kwa makundi, nikasimama nje na aproni nikawaangalia mpaka shingo ikauma. Wote wanakuja kwenu, na mimi nabaki na kunguru.

Umesema vizuri kuhusu misa. Elda angefurahi, halafu angekwambia umealika watu wengi mno. Lakini wewe nawe, kwa nini uende kutangaza bata walio bado angani? Baba alikuwa akikuchapa kwa hilohilo.

Kuja nitajaribu. Siahidi, tutaona mambo yatakavyokuwa. Harlan hajambo, anakusalimu.

Usilale na soksi zenye maji.

Dada yako,
Nolia


Bayou Ragasse
12 Desemba 1983

Dada,

Shikamoo. Natumai baridi haijakugandisha. Huku mvua, tope, mvua. Mbwa wa Clebert amezaa chini ya nyumba yangu badala ya kwao, sijui ameona nini. Paa la jikoni linavuja palepale linapovujaga.

Dada, nimechoka. Bata wakubwa wamefika, nawaona. Wa kijivu, wawili wawili, wamenenepa hadi wanaruka kwa shida. Wanakuja kwenye dimbwi letu vizuri, wanazunguka mara ya kwanza, wanakunja mabawa, nami naanza kunyanyua bunduki. Halafu mmoja anashtuka. Hapohapo wote wanapanda juu kama walioitwa, na hao wanakwenda zao. Kila asubuhi ni hivyohivyo. Wameshapigwa risasi tangu Kanada mpaka hapa, hakuna ujinga uliobaki.

Nimefanya yote. Bata wa plastiki waliokuwa wakimetameta nimewapaka tope. Baada ya hapo nikawapunguza, halafu nikawatoa kabisa nikabaki na wale wa mbao wa nyumba yetu. Nikaongeza chupa za dawa ya kufulia nilizozipaka masizi zifanane na kukuziwa, wale ndege weusi wa majini, kwa sababu bata akiona kukuziwa wanakula kwa amani naye hujiona salama. Nikakata matete mapya ya maficho. Hata kahawa nimeacha kunywa humo ndani, eti labda wananusa. Nikienda hivi nitaacha na kupumua.

Clebert yuko dimbwi la pili, hatuachani hata mita mia tatu, naye kila asubuhi anarudi na bata wa kumtosha. Jana nilimchukua kwenye mtumbwi aje aangalie kwangu. Akawatazama bata wangu majini mmoja mmoja. Nikamwambia: "Sema basi, wewe si ndiye bingwa?" Akatazama buti zake. "Labda ni upepo, Ozeme," akasema. Upepo gani? Hapakuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti! Halafu akaniambia nichukue wake kwa ajili ya gumbo, na nikamwambia akae nao.

Wewe ndiye Baba aliyekuamini kupanga bata majini, mimi nilikuwa wa kupiga makasia. Nisaidie.

Ozeme

Mbona shemeji siku hizi haongezi ule mstari wake chini ya barua? "Bata wako nimewatuma, wapokee." Nilikuwa nikiufungua ukurasa wa mwisho kwanza, kwa ajili yake.


Duluth
20 Desemba 1983

Ozeme,

Heri ya Noeli mapema, maana posta za mwezi huu hazina haraka. Nimekutumia skafu. Uivae, usimtandikie mbwa wa Clebert.

Haya, nisikilize. Mwisho wa msimu wingi haukusaidii kitu. Bata wa sasa wako wawili wawili, kila dume na jike lake, kwa hiyo nawe wapange wawili wawili, mbali mbali kidogo. Kukuziwa wako waweke pembeni kwenye kina kifupi, wasiwe katikati. Acha nafasi tupu mbele ya maficho, pa wao kutua. Na jambo kubwa kuliko yote ni shingo. Bata aliyetulia shingo yake imelala, kichwa kimezama mabegani. Mwenye shingo iliyosimama amesikia kitu, na wenzake hawamuulizi amesikia nini, wanaondoka. Novemba hawajui hayo. Desemba wanayajua, na Januari mmoja tu mwenye shingo hiyo anatosha kukuharibia dimbwi zima.

Sasa niandikie bata mmoja mmoja aliyeko majini, na amekaa wapi. Wote, Ozeme.

Harlan hajambo. Mstari atauandika akipata nafasi.

Nolia


Bayou Ragasse
30 Desemba 1983

Dada Nolia,

Shikamoo, na ahsante kwa skafu. Mbwa hajaiona. Noeli nilikula kwa Clebert, mke wake alinijazia sahani mara tatu kwa huruma, nikala mara tatu kwa adabu. Nyumbani nilikuta nimeacha redio ikiimba peke yake, nikaiacha iendelee, angalau palikuwa na mtu anayesema.

Nimepanga kama ulivyoelekeza. Upande wa matete mazito wako dume na jike wa kazi, wasio wa mtu, wale aliowachonga Baba kwa mizizi ya kinamasini, shingo zimelala. Kwenye mdomo wa mfereji yuko wangu mimi, yule niliyemchonga nikiwa na miaka kumi na miwili, mgongo umepinda lakini shingo imelala. Kukuziwa wako pembeni. Bata wa Baba na wa Mama wako juu ya kabati, kama inavyotakiwa. Wako wewe yuko bandani, ananing'inia msumarini tangu ulipoolewa ukaenda huko kwenye barafu. Ndio hao tu.

Bata walikuja asubuhi ile, jozi moja nzuri, wakashuka mpaka nikaona macho yao. Wakapanda juu. Niliketi humo ndani nikalia, Dada, si kwa sababu ya bata.

Siku zimebaki chache. Watu wananiuliza barabarani: "Ozeme, tuje na njaa au tuje tumeshiba?"

Ozeme


Duluth
6 Januari 1984

Mdogo wangu,

Sikusalimu sana leo, nina neno moja na nikilizungusha nitashindwa kulisema.

Umeniandikia kwamba bata wako kakaa peke yake kwenye mdomo wa mfereji. Nimekwambia uwapange wawili wawili, na nakujua, ukiambiwa jambo la dimbwi unalifuata. Basi wako yuko na nani?

Nitakujibia mwenyewe. Yuko na wa Elda. Nilikuwepo jikoni kwa Mama majira ya baridi yale alipoolewa, akapewa kisu na kipande cha mti kama kila bibi arusi wa nyumba ile, akamchonga yule jike wake. Shingo ilikuwa imesimama kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa. Baba alimtazama akasema, "Mwanangu, huyu atatupigia kelele," Elda akacheka mpaka akajikata kidole. Yeye mwenyewe alikuwa akimtia majini wiki ya kwanza tu ya msimu, kisha anamtoa. Alijua. Msimu huu umemtia wewe, na hujamtoa.

Kanuni ya Baba unaijua kama mimi. Kila mtu humtia wake majini na humtoa kwa mkono wake. Akifariki, wa karibu yake humtoa mara ya mwisho, anawekwa juu ya kabati, na maji hayaoni tena. Mwaka unakaribia kwisha, Ozeme. Clebert alimwona akashindwa kusema. Kila bata anayepita hapo anamwona.

Mtoe. Mtoe ili umpikie gumbo lake.

Nolia


Bayou Ragasse
11 Januari 1984

Dada,

Barua yako imefika.

Ni rahisi kunitolea amri ukiwa mbali na jiko linawaka. Siku tuliyomzika Elda nilikuwa nikitazama barabara mpaka Padri akaniuliza kama kuna mtu tunamngojea. Nikasema ndiyo, dada yangu na mume wake. Tukangoja. Hukuja, ukatuma maua na kadi, na mpaka leo hujasema kwa nini. "Tutaona." "Nina mambo mengi." "Harlan hajambo." Huyo Harlan hajambo gani asiyeweza kuandika mstari mmoja kwa mwaka mzima?

Mambo ya nyumba yangu niachie mimi.

Ozeme Trosclair


Duluth
16 Januari 1984

Ozeme,

Umetia na jina la ukoo, kama mtu anayeandikia ofisi ya kodi. Nimestahili.

Harlan si hajambo. Wiki ile ya msiba mifuko ilikuwa tayari mlangoni. Asubuhi ya safari niliamka kitanda kitupu. Walimkuta karibu na bandari, miguu mitupu kwenye theluji, anatafuta meli aliyoacha kuifanyia kazi miaka mingi nyuma. Tangu siku hiyo nimefunga mlango na ufunguo nauvaa shingoni. Siku nyingine mimi ni mama yake. Siku nyingine mimi ni mwanamke tu aliyemo humu ndani, na ananiomba kwa adabu nimpeleke kwa mke wake. Kalamu nilimpa, kila barua yako ilipokuja nilimpa. Anaishika, ananitazama anisaidie.

Sikukwambia kwa sababu wewe ulikuwa na kaburi bichi, na mimi mume wangu yupo, anakula, ananenepa. Ningekulilia nini? Na kila nilipoandika "hajambo" niliuona mstari ule ukawa kweli kwa muda wa kukunja karatasi. Kwa hiyo usifikiri nakucheka kwa ajili ya bata wa Elda. Nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka mpaka kwenye meno.

Lakini la dimbwi silirudishi nyuma. Wako asikae peke yake. Nenda bandani, mchukue wangu msumarini. Shingo yake imelala vizuri, Baba mwenyewe alimsifu, na wewe ulinuna siku mbili. Kanuni ni kanuni, kwa hiyo naandika hapa kwa mkono wangu: nakupa ruhusa umtie majini kwa niaba yangu.

Harlan amelala. Nakusalimu mimi tu, safari hii.

Nolia


Bayou Ragasse
6 Februari 1984

Dada Nolia,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa ajili ya ile barua yangu mbaya. Mke wa Clebert anakusalimu, Clebert anakusalimu, watoto wa mbwa wanne wanakusalimu na mmoja nimelazimishwa kumchukua.

Barua yako niliisoma nimesimama nje ya posta, nikaisoma tena kwenye gari, nikashindwa kuwasha gari. Kumbe wewe ndiye uliyekuwa ukinipa pole muda wote huo! Jamani, Dada. Na mimi nakuandikia habari za chupa na masizi.

Siku ya mwisho ya msimu nilimtia wako majini kwanza, kando ya wangu. Uzi uliomfunga ulikuwa umeoza, nikaweka mpya. Halafu nikausogeza mtumbwi mpaka kwa Elda. Nilikaa hapo. Nikamwambia mambo ambayo si ya kuandikwa. Nilipomshika shingo, ile shingo yake, maji yakanidondokea ndani ya mkono wa koti mpaka kwapani, baridi kama nini, nikamtukana kidogo kama alivyokuwa akinitukana mimi na ndoo. Nikamweka ndani ya maficho kwenye benchi, mahali pake alipokuwa akikaa na chupa ya kahawa.

Jozi ya kwanza ilikuja jua likiwa halijapanda vizuri. Wakazunguka mara moja tu. Wakashusha miguu wakatua kati ya wako na wangu, kwenye nafasi ile tupu, wakaanza kula. Dada, sikupiga. Niliwatazama tu. Wakaondoka kwa wakati wao, bila kushtuka. Waliokuja baadaye niliwapiga. Walitosha sufuria, na Clebert alitoa wake wawili na safari hii niliwapokea.

Misa ilikuwa nzuri. Gumbo niliunguza unga wa kukaanga mara ya kwanza, nikamwaga nikaanza upya, kama yeye alivyonifundisha, koroga usiondoke hata ukiitwa. Watu walikula mpaka Padri akalegeza mkanda. Clebert akaonja, akaweka kijiko chini, akasema, "Imepungua chumvi, lakini ni yeye." Nikatoka nje kidogo.

Elda yuko juu ya kabati, baina ya Baba na Mama. Anawatazama wote kwa ile shingo.

Sasa shemeji. Usimfungie huko wewe na yeye peke yenu mpaka mfe kwa uchovu. Barafu ikiyeyuka njooni, mpande treni, nitawafuata stesheni. Hahitaji kunijua. Huku watu wengi hawanijui na wanakula kwangu. Chumba cha nyuma kina mlango wenye kufuli, na nje ya mlango huo nitalala mimi, wewe ulale. Mwambie bata wake wamefika salama, nimewapokea. Mwambie hata kama hajui ni bata gani.

Nimewatoa wa kazi, kukuziwa wote na wangu, nimewaosha, wamekauka. Mabakuli mawili ya gumbo yako kwenye friji ya barafu, nimeyaandika majina yenu. Wako wewe bado yuko mdomo wa mfereji, naenda kumwangalia kila asubuhi. Ulinipa ruhusa ya kumtia majini. Ya kumtoa hukunipa.

Ndugu yako,
Ozeme